Uhakiki wa Lugha ya Maabara: 'Katika', 'Hadi' na 'Changanya'

Wahakiki wetu wamezoea kuyapima mashairi na riwaya, wakayaacha maelekezo ya sayansi kana kwamba hayana lugha. Makala haya yanashikilia kwamba maelekezo nayo yastahili kuhakikiwa, maana humo kosa la neno moja huharibu kazi, na pengine humjeruhi mtu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayetakiwa kutengeneza mmumunyo wa sukari wenye ukolezi wa mole moja kwa lita. Aghalabu huambiwa: 'Yeyusha gramu 342 za sukari katika lita moja ya maji.' Kisarufi sentensi hii haina dosari, kikemia imepotoka. Sukari hiyo ikishatiwa katika lita nzima ya maji, ujazo wote hupanda ukafikia karibu lita 1.2, na ukolezi hushuka hadi mole 0.83 hivi kwa lita. Kinachotakiwa ni lita moja ya mmumunyo, wala si lita moja ya maji. Ingefaa basi kusema: 'Mumunyisha gramu 342 za sukari katika nusu lita ya maji, mimina yote katika chupa ya kupimia, kisha ongeza maji hadi yafike kwenye alama ya lita moja.' Neno 'hadi' limebeba mzigo ulioishinda 'katika'.

Kitenzi 'yeyusha' nacho chataka kuangaliwa. Barafu huyeyuka kwa joto, bila ya kutiwa katika kitu kingine. Sukari humumunyuka ndani ya maji. Tukiyapa mambo mawili jina moja, mwanafunzi atayadhani kuwa ni jambo moja.

Hatari kubwa zaidi imo katika agizo 'changanya asidi na maji'. Kiunganishi 'na' hakina wa kwanza wala wa pili: baba na mama, mama na baba, ni mamoja. Lakini asidi kali ya salfa haiukubali usawa huo. Maji yakimiminwa juu yake, joto litokealo laweza kuyachemsha papo hapo, asidi ikaruka machoni. Sharti asidi ndiyo itiwe katika maji, polepole, huku ikikorogwa. Mwandishi na aseme hivyo hivyo: 'Tia asidi katika maji.'

Wako watakaodai kwamba kasoro hizi zathibitisha unyonge wa Kiswahili. Hoja hiyo haina msingi. Sentensi ile ya kwanza ukiigeuza kwa Kiingereza, kosa hubaki lile lile. Tena dhana yenyewe si ngeni kwetu: akolezaye chai huupima utamu katika chai iliyokwisha kutiwa sukari, si katika maji yaliyokuwa birikani. Lawama ni ya mwanalugha asiyewahi kuingia maabara, na ya mwanakemia asiyerudia kuisoma sentensi yake. Wawili hao na waketi meza moja kabla kitabu hakijapelekwa kwa mpiga chapa.