Makovu ya Ndege Kuukuu

Katika mji mdogo wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, Marekani, kila mwisho wa Julai hufanyika mkutano wa ndege ambao kwa ukubwa wake ni vigumu kumweleza mtu asiyeuona. Zipo ndege za kivita, zipo za kuuzwa, zipo zilizoundwa na watu wenyewe majumbani kwao. Chama kinachouandaa, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, na tangu 1970 mkutano umekuwa ukifanyika hapo hapo Oshkosh, isipokuwa mwaka 2020 ulipozuiwa na ugonjwa wa korona. Mimi nilivutwa na upande mmoja tu: uwanja wa majani ulio kusini, ambako wenye ndege za zamani huziegesha safu kwa safu, wakakaa kwenye viti chini ya mabawa na kungoja mpita njia awaulize neno.

Namna ndege hizo zinavyoingia inapendeza. Rubani hufuata reli hadi kijiji cha Fisk. Hapo chini wapo waongozaji wenye darubini, nao humwita kwa rangi na aina ya ndege yake, maana hakuna nafasi ya maelezo marefu. Rubani hajibu kwa sauti. Hutikisa mabawa, naye akaelekezwa pa kutua. Ningeweza kukaa kutwa nzima nikitazama tu jambo hilo.

Lakini nia yangu ni kusema juu ya mashindano. Ndege zimegawanywa kwa umri: zilizoundwa hadi tarehe 31 Agosti 1945, zilizofuata hadi mwisho wa 1955, na zile za 1956 hadi 1970. Waamuzi huzikagua ribiti kwa ribiti, na kipimo kikubwa ni uhalisi, yaani ndege ifanane na ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Kwa maneno hayo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na kile macho yangu yalichokiona kwenye majani.

Chukua ile Piper Cub, ndege ndogo ya njano yenye mstari mweusi ubavuni. Ziliundwa karibu 20,000 hadi mwaka 1947, nyingi kati ya hizo katika kiwanda cha Lock Haven, Pennsylvania. Aliyezoeleka ni yule mwenye injini ya nguvu za farasi 65, na kipimo chake cha mafuta ni waya uliochomekwa kwenye kizibo kinachoelea ndani ya tangi. Waya ukizama, shuka utafute mafuta. Rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma. Ilikuwa ndege ya bei nafuu, ya kufundishia wanafunzi, iliyopakwa rangi kwa haraka ya kiwanda chenye oda nyingi. Leo unaikuta Oshkosh inang'aa kama piano ya ukumbini, hata ukijiinamia unauona uso wako. Huo uhalisi ni wa kiwanda gani? Siku ile ilipozaliwa haikuwa hivyo, na miaka hamsini iliyofuata haikuwa hivyo hata kidogo. Ilitua kwenye mashamba ya watu. Ilipigwa na mvua ya mawe. Wanafunzi waliibamiza chini, mafundi wakainyoosha. Yote hayo yamefutwa, na aliyeyafuta anapewa tuzo.

Wenye ndege wana jibu lao, na ni jibu la haki. Pamba iliyovishwa zamani, ikakazwa kwa rangi nzito, haikudumu sana ikiachwa juani, kwa hiyo ilibidi ivuliwe na kuvishwa tena na tena. Siku hizi wengi huvisha kitambaa cha poliesta, ambacho hukazwa kwa joto la pasi, na kinadumu miaka mingi. Mti ulioliwa na kuvu hauwezi kubakizwa kwenye ubawa kwa sababu tu una historia. Rubani ana watoto nyumbani. Nakubali. Ndege inayoruka si kinyago cha kuwekwa kabatini, na mabaharia wa pwani yetu wanalijua hilo tangu zamani, kwani jahazi hubadilishwa mbao moja baada ya moja na jina likabaki lile lile. Lakini jahazi halifanywi lionekane halijapata kusafiri. Kubadilisha kilichooza ni kazi ya fundi. Kuficha kwamba kuna kitu kilitumika ni shauri jingine, tena ni shauri la ladha, na ladha inaweza kulaumiwa.

Niliwahi kusimama mbele ya Cub moja iliyopauka, rangi imepasuka kama tope la kiangazi, na chini ya mkia kiraka cha mraba ambacho wala hakikufanana na njano iliyokizunguka. Mwenyewe, mzee mpole, alinieleza kwamba ndama wa mkulima aliyemtangulia ndiye aliyetoboa pale kwa pembe. Alicheka alipokuwa akieleza. Sikuona kadi ya waamuzi karibu naye. Kwenye safu ile yote hiyo ndiyo ndege pekee iliyonifanya niulize habari za watu, maana kwa zile nyingine niliishia kuuliza habari za rangi.

Na hapo ndipo penye uzito. Anayechagua siku moja katika maisha ya ndege, siku ile ya kiwandani, anachagua pia ni nani akumbukwe. Kwetu Afrika Mashariki ndege ya zamani inayojulikana zaidi ni ile Moth ya njano ya filamu Out of Africa ya mwaka 1985. Iliundwa Marekani mwaka 1929, na mwaka 2013 iliuzwa mnadani huko Paris. Utajiri wake wote ni kwamba iliigiza ndege ya Denys Finch Hatton, aliyeanguka Voi tarehe 14 Mei 1931. Mtumishi wake Mwafrika aliyekuwa naye ndani ya ndege alikufa pia. Mara ngapi umesikia akitajwa?

Kinyume chake ni Stearman moja iliyoundwa mwaka 1944. Rubani mmoja wa jeshi la anga la Marekani na mkewe waliinunua ikiwa mabaki. Ilikuwa imekwisha kutumika kunyunyizia dawa mashambani. Walipochunguza kumbukumbu zake waligundua kwamba imepata kufundishia huko Tuskegee, Alabama, ambako marubani Weusi wa Marekani walipata mafunzo katika jeshi lililowatenga kwa rangi yao. Nayo ilikarabatiwa hadi ikang'aa, bluu kiwiliwili na njano mabawa, siwezi kusema haikung'aa. Lakini hawakuirudishia siku ya kiwandani. Waliirudishia siku za Tuskegee. Kisha wakawaomba wazee waliokuwa bado hai, waliopata mafunzo huko, waandike majina yao kwa mikono yao upande wa ndani wa mlango wa mizigo. Fundi mwingine angesema huo ni uchafu juu ya rangi mpya, na mwamuzi mkali angetafuta kama kiwanda kilipata kuweka wino pale.

Mwaka 2011 ndege hiyo ilirushwa hadi Washington na kukabidhiwa Smithsonian. Sasa imening'inizwa darini katika jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa mwaka 2016. Imewekwa juu sana kwa shauri langu. Ukisimama sakafuni unaona rangi; majina yale huwezi kuyasoma.