Bahari Isiyo na Watu

Hebu fungua Instagram sasa hivi, andika "Mombasa", kisha uhesabu watu. Utaona mnazi ulioinama, mchanga mweupe, maji ya samawati, na labda ngalawa moja imetia nanga. Mtu hayupo. Akiwepo ni mgeni aliyegeuza mgongo, kofia pana kichwani. Muuza madafu, mvuvi anayekwangua magamba, vijana wa Kisauni wanaojaa Pirates kila Jumapili, wote wamekatwa nje ya picha.

Sisemi picha hizi hazina ufundi. Wapigaji wake wanajua kuweka mstari wa upeo juu au chini badala ya kuuacha ukate picha katikati. Wanajua kungoja maji yapwe wakati wa bamvua, miamba itokeze na mchanga ubaki na michirizi. Lakini ufundi huo huo unawaumbua. Mtu anaandika ati "machweo baharini, Nyali". Machweo gani? Ufuo wa Nyali unatazama mashariki, sawa na Shelly kule Likoni. Jua letu huchomoza baharini na jioni huzama bara, upande wa Changamwe. Basi ama picha ni ya alfajiri, ama rangi imepakwa kwenye simu. Kwa vyovyote, anapiga picha ya bahari aliyoiona kwenye matangazo ya hoteli.

Linganisha na wapiga picha wa feri ya Likoni wa miaka ya 1990. Vibanda vyao vilikuwa karibu na kivuko, na ndani walining'iniza mapazia yaliyochorwa bahari, meli na ndege. Msomi Mjerumani Heike Behrend aliwaandikia makala katika jarida la African Arts mwaka 2000, kisha akachapisha kitabu kuhusu upigaji picha wa pwani yetu mwaka 2013. Ajabu ni kwamba bahari yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Kwa nini ulipie bahari ya kitambaa?

Nadhani ni kwa sababu bahari ya kitambaa ilikaa nyuma, ikamwachia mtu nafasi ya mbele. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, na picha ilikuwa kama barua ya nyumbani: nipo, nimefika, nitazameni. Meli na ndege kwa pamoja, kitu ambacho hutakipata kwa urahisi ukisimama ufuoni, zilisema bado kuna safari mbele. Ukubwa wa mtu ndani ya picha ulikuwa ndio maana yake. Mhakiki wa leo angeziita za kishamba kwa zile rangi kali. Mimi naziona zimepangwa vizuri kuliko nusu ya picha za droni, kwa sababu mpigaji alijua picha inamhusu nani.

Hata hivyo, pazia nalo lilificha mambo. Meli ya kuchorwa haizami. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na zaidi ya watu 250 wakafa, katika mlango ule ule wa Kilindini. Bahari ya Likoni ni njia ya kwenda kazini, na ni kaburi pia. Kitambaa hakikusema hilo, wala droni haisemi.

Kwa nini tujali? Kwa sababu picha ya ufuo mtupu ni kama ushahidi kwamba hapa hapana mwenyewe. Mtu akishazoea kuona pwani bila watu, hashangai siku atakapokuta ukuta umejengwa na kichochoro cha kushukia maji kimefungwa. Picha haikujenga ukuta ule, lakini ilituzoeza kuutazama bila kuuliza.

Dawa yake si kuwavamia watu kwa kamera. Pwani ina wengi wasiotaka sura zao zisambae, hasa akina mama, na hiyo ni haki yao. Omba kwanza. Ukikataliwa, bado kuna nyayo, nyavu, ndoo, kivuli cha mtu kwenye mchanga. Hizo nazo zinasema watu wapo.

Na kama ni machweo unayataka, panda feri saa kumi na mbili jioni. Kwa miguu hulipi kitu. Geukia magharibi, uone jua likishuka nyuma ya kreni za bandari kuelekea Kipevu, na mbele yako mabega ya watu wanaorudi Likoni na mifuko ya unga. Weka upeo wako juu kabisa. Sehemu kubwa ya picha waachie wao.