“Sawazisha” na Hasara Zake: Maoni juu ya Istilahi za Kitabu cha Anwani

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi moja iliyokwisha kuenea katika simu na kompyuta zetu, nayo ni *sawazisha*, hasa inapotumiwa kueleza kazi ya kuunganisha hifadhidata ya ofisi na kitabu cha anwani kilichomo katika programu ya barua pepe. Uchunguzi huu umetokana na kijitabu cha mafunzo kilicholetwa mezani petu ili lugha yake isahihishwe. Kijitabu hicho kinawafundisha makarani na mafundi wa kompyuta namna ya kuandika programu fupi itakayosoma majina katika hifadhidata na kuyaingiza yenyewe katika kitabu cha anwani, ili mtu asilazimike kuandika jina moja mara mbili. Nia ni njema, na Kiswahili chake kwa jumla ni safi. Hata hivyo, neno linalobeba kazi yote limechaguliwa bila hadhari, na kosa hilo si la wahariri wa kijitabu peke yao.

2. Kazi yenyewe

Haifai kulihukumu neno kabla ya kukijua kitu kinachotajwa. Hifadhidata huweka habari za kila mtu katika safu moja: jina, simu, anwani ya barua pepe, mahali pa kazi. Kitabu cha anwani nacho huweka kadi moja kwa kila mtu. Ili habari zivuke kutoka huku kwenda kule, hapana budi ziandikwe kwa utaratibu unaofahamika pande zote mbili. Utaratibu unaotumika zaidi ni ule uitwao vCard, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 na muungano wa Versit, ambamo zilikuwamo kampuni za Apple, AT&T, IBM na Siemens. Toleo lake la 4.0 lilitangazwa mwaka 2011, pamoja na itifaki ya CardDAV inayoziwezesha programu kuchukua na kurudisha kadi hizo kwenye seva. Thunderbird, programu ya barua pepe isiyouzwa, ilianza kuipokea itifaki hiyo bila nyongeza katika toleo la 91 la mwaka 2021.

Ama kazi tunayoijadili ina namna tatu, nazo hazifanani. Namna ya kwanza ni kutoa nakala mara moja tu: majina yanachukuliwa, yanaingizwa kitabuni, basi. Namna ya pili ni ya upande mmoja: hifadhidata ndiyo bwana, na kitabu cha anwani kinaifuata kila inapobadilika. Namna ya tatu ni ya pande mbili: badiliko lolote, liwe limefanywa huku au kule, linavuka upande wa pili.

Namna ya tatu ndiyo ngumu. Tuseme jina liko katika hifadhidata lakini halimo kitabuni. Hali hiyo ina tafsiri mbili: ama jina limeongezwa katika hifadhidata, ama limefutwa kitabuni. Katika hali ya kwanza programu inapaswa kuliongeza jina kitabuni. Katika hali ya pili inapaswa kulifuta katika hifadhidata. Kwa kuzitazama orodha mbili tu, programu haiwezi kujua lipi ni kweli. Inahitaji kumbukumbu ya hali ilivyokuwa mara ya mwisho. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na kumbukumbu hiyo ndiyo daftari.

3. Kasoro ya *sawazisha*

Namna zote tatu kijitabu kimeziita kwa neno moja: *sawazisha*. Kitenzi hiki kimetokana na *sawa*, na maana yake katika matumizi ya kila siku ni kufanya vitu viwe sawa. Mtu husawazisha ardhi kwa jembe: pa juu panakatwa, pa chini panajazwa. Timu husawazisha bao. Katika mifano hiyo tunaambiwa matokeo tu. Hatuambiwi ni upande upi uliotoa na upi uliopokea, wala ni nini kilichokatwa.

Hasara ya jambo hilo niliiona kwa macho kabla sijaingia katika kazi ya istilahi. Ofisi niliyokuwamo ilikuwa ikiandikiana na walimu wa wilaya nyingi, na majina yao yote yalikuwa katika hifadhidata. Siku moja ilipatikana kompyuta mpya, ambayo kitabu chake cha anwani kilikuwa bado kitupu. Maelekezo yaliyobandikwa ukutani yalisema: “Sawazisha hifadhidata na kitabu cha anwani.” Karani, mtu mwangalifu kuliko sisi wote, alifanya alivyoambiwa. Programu nayo ilifanya ilivyoambiwa. Ilikuta upande mmoja una majina na upande wa pili hauna, ikaamua kuwa yamefutwa, ikayafuta yote. Vitu viwili hivyo vikawa sawa kwelikweli: vyote vitupu. Tuliyarudisha majina kutoka katika rejista ya karatasi, lakini walimu waliokuwa wameandikishwa baada ya rejista kufungwa hatukuwapata tena.

Karani alilaumiwa. Kwa maoni yangu, lawama ilistahili kugawanywa, na fungu moja liwaendee waliotunga programu isiyouliza kabla ya kufuta, na fungu la pili liende kwa neno. Laiti maelekezo yangesema ni nani amfuate nani, hata mtu asiyejua kompyuta angalitia shaka kukifanya kitabu kitupu kiwe kiongozi.

Yawezekana msomaji akasema kwamba neno la Kiingereza nalo halionyeshi upande. Ni kweli. Neno hilo lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni kwenda pamoja kwa wakati. Halisemi lolote juu ya nani anatoa na nani anapokea. Lakini kazi ya mtunga istilahi si kuuhamisha upungufu wa lugha moja kuuingiza katika nyingine. Kiswahili kina mnyambuliko wa vitenzi unaoweza kusema mengi ndani ya neno moja. Kuuacha utajiri huo ni uvivu, wala si uaminifu kwa lugha ya asili.

4. Maneno yanayoshindana

*Linganisha* halifai, kwa kuwa limekwisha kushika maana ya kutazama vitu viwili ili kujua tofauti zao. Hiyo ni hatua moja tu ya kazi hii, nayo haibadilishi kitu.

*Oanisha* ni neno zuri, lakini limekwisha kuzoeleka kwa kuvitambulisha vyombo viwili, kama vile simu na spika. Vyombo vyaweza kuoanishwa bila kupeana jina hata moja.

*Patanisha* ni la watu waliogombana. Tusilitupe. Karani anapobadilisha namba ya simu ya mtu katika hifadhidata, na mwenzake akaibadilisha namba hiyohiyo kitabuni kwa namna nyingine, huo ni mgongano, na mgongano hupatanishwa.

*Landanisha* limetokana na *landa*, yaani kufanana au kuwiana. Ubora wake umo katika kiambishi *-an-*, kinachoonyesha kutendana: huyu anamlanda yule, na yule huyu. *Sawazisha* halina kiambishi hicho. Kwa hiyo *landanisha* linafaa namna ya tatu, ya pande mbili, na hiyo peke yake.

Kwa namna ya pili twaweza kutumia *fuatisha*, neno linaloeleweka na kila mtoto aliyepata kuchora kwa kufuata mistari ya picha iliyo chini ya karatasi. Kwa namna ya kwanza *nakili* latosha.

5. Neno *anwani*

Kijitabu kinauita mkusanyo wa habari za mtu *anwani*, kama zinavyofanya baadhi ya simu. Hapa pia pana mkanganyo. Anwani ni ya mahali au ya sanduku. Mtu mmoja aweza kuwa nazo tatu, na kadi moja ya vCard huruhusu ziandikwe zote. Karani akiambiwa “futa anwani”, je, afute anwani moja au amfute mtu mzima? Tunapendekeza mkusanyo uitwe *kadi*, na *anwani* libaki na maana yake ya siku zote.

Aidha kijitabu kinaagiza kwamba kadi zitambuliwe kwa majina. Kwetu sisi agizo hilo ni la hatari. Mohamed, Muhammad na Mohammed aweza kuwa mtu mmoja. Na Asha Juma wawili waweza kukaa ofisi moja. Vilevile, nafasi ambayo vCard imeitengea jina la ukoo, wengi wetu huijaza jina la baba au la babu. Ndiyo sababu kila kadi huweza kubeba alama ya pekee, iandikwayo UID, isiyobadilika hata mtu akibadili jina. Tunaiita *kitambulishi*, na kazi ya kukutanisha kadi iachiwe hicho.

6. Mapendekezo

Kwa ufupi, tunapendekeza *nakili* kwa kazi ya mara moja, *fuatisha* kwa kazi ya upande mmoja, *landanisha* kwa kazi ya pande mbili, na *patanisha* kwa migongano. Maelekezo ya karani yasomeke hivi: “Fuatisha kitabu cha anwani kwa hifadhidata.” Hapo hapana asiyejua nani yuko mbele na nani nyuma.

Tunatambua kwamba *sawazisha* limo mikononi mwa watu wengi, na neno lililoenea haliondoki kwa amri. Linaweza kubaki katika mazungumzo ya kila siku, lakini vitabu vya mafunzo na maelekezo ya ofisi havina udhuru. Wasomaji wanaofanya kazi hizi, hasa makarani, wanaombwa kutuletea maneno wanayoyatumia wenyewe, kwa maana wao ndio wanaopotelewa na majina pindi neno linapokosea.