Upatanisho wa Ngeli katika Majedwali ya Mchezo

Ragnarok Online ni mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Gravity ya Korea Kusini. Watu wengi huucheza pamoja kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiigiza mhusika wake. Majina ya vitu hukaa katika faili zilizomo ndani ya kompyuta ya mchezaji. Kila kitu kina nambari, na jedwali huipa nambari hiyo jina: 501, kwa mfano, ni dawa nyekundu. Kwa kuwa seva hutambua vitu kwa nambari, wachezaji wasiojua Kikorea waliweza kuyafungua majedwali wakatia Kiingereza, na mchezo usidhurike.

Kazi hii hudhaniwa kuwa ya fundi tu: toa neno, tia neno. Dhana hiyo ni pungufu, na Kiswahili chaifichua. Sentensi nyingi za mchezo zina pengo, na jina huingizwa humo wakati wa kucheza. Mfasiri akiandika "... imevunjika", atapata "ngao imevunjika", lakini pia "kisu imevunjika" na "upanga imevunjika". Kila mstari peke yake ni sahihi. Kosa huzaliwa mistari inapokutana. Kikorea nacho kina taabu ya jamaa hiyo: kiungo kifuatacho yambwa hubadilika kwa sauti ya mwisho ya jina, na waandishi wa programu wamezoea kuandika sura zote mbili, moja katika mabano. Kwa ngeli nyingi za Kiswahili, hila hiyo haifai.

Dawa imo katika lugha yenyewe. Katika "umevunjikiwa na kisu", "umepotelewa na ngao" na "umeishiwa na mishale", kitenzi chapatana na mchezaji, wala si na kitu. Kuhusu sifa zinazoongezwa kwa silaha zilizotiwa kadi, "-kali" itadai kisu kikali na upanga mkali, ilhali imara, bora na ghali hazibadiliki. Tena jedwali jingine huorodhesha sifa zitakazofuata jina badala ya kulitangulia. Mfasiri hana budi kuzitia zote humo. Hasara ipo: maneno ya aina hiyo ni machache, na sifa nyingi za asili zitaachwa nje.

Basi tafsiri ya namna hii isipimwe mstari kwa mstari. Ipimwe kwa kutia katika kila pengo jina moja la kila ngeli, na sentensi zote zisomwe kwa sauti.