Baraza la Mita 80
Jua likizama, tabaka la angani linalomeza mawimbi ya redio hutoweka, na masafa ya mita 80 huchangamka. Hapo wazee wa redio ya ridhaa nchini Marekani hufungua baraza. Huyu analia na goti; mwenzake, kilomita 500 kutoka hapo, anamwambia heri goti kuliko antena yake. Kicheko kinakwaruza spika. Zinafuata habari za nyanya zilizoliwa na kindi, kisha sukari iliyopanda. Kila dakika 10 sheria inawataka wataje alama zao za wito, hata kisa kikiwa kimefika patamu. Hongera zao! Mitambo waliyoiunga kwa mikono wanaitumia kujuliana hali. Asiyesikika usiku huo hupigiwa simu nyumbani.