Dereva Aliyeondolewa: Ufundi wa Miaka Arobaini ya Transformers

Mtoto wa Kimarekani aliyenunuliwa Ironhide, roboti ya kuchezea ya Transformers, mwaka 1984 alikuta ndani ya boksi gari dogo jekundu, Nissan ya aina ya Vanette. Alilivuta huku, akalikunja kule, akalisimamisha. Roboti ikapatikana, lakini haikuwa na kichwa. Mahali ambapo shingo ingekuwa palikuwa na kioo cha mbele cha gari, nyuma ya kioo pana kiti, na kwenye kiti imebandikwa stika yenye sura. Akiwasha televisheni, mtoto huyohuyo alimwona Ironhide mwenye kichwa kamili, macho yanayong'aa na mdomo usiochoka kubishana.

Kiwanda hakikusahau kichwa. Kile kiti kilitengenezwa akae mtu, na mtu huyo alikuwa ameondolewa. Karibu kila jambo gumu ambalo wachoraji, waandishi na mafundi wa Transformers wamelazimika kulitatua tangu wakati huo linaanzia hapo.

Roboti hizi hazikubuniwa Marekani, wala hazikubuniwa ziwe kundi moja. Kampuni ya Takara ya Tokyo ilianza kuuza Diaclone mwaka 1980, na mwaka 1982 ikaongeza magari yanayogeuka roboti. Miongoni mwa wabunifu wake walikuwamo Shoji Kawamori na Kazutaka Miyatake wa Studio Nue, vijana ambao wakati huohuo walikuwa wakichora ndege za katuni ya Macross. Magari ya Diaclone yalifuata kipimo cha 1 kwa 60, na kila moja lilikuja na dereva wa plastiki mwenye urefu wa sentimita tatu hivi, sumaku zikiwa kwenye nyayo zake. Mashine haikuwa na akili yake. Akili ilikuwa ya dereva.

Mwaka 1983 Takara ikatoa tawi la pili, Micro Change, lililochipuka kwenye midoli yake ya Microman. Humo kipimo kilikuwa kingine kabisa. Microman walikuwa viumbe wa kimo cha sentimita kumi wanaoishi kwa kujificha katikati ya vitu vya binadamu, kwa hiyo roboti zao zilikuwa vitu vya nyumbani vyenye ukubwa wake halisi: bastola ya Walther P38, redio ndogo na kaseti zake, kamera, hadubini. Hata kigari cha Volkswagen Beetle ambacho baadaye kiliitwa Bumblebee kilikuwa, kwa mantiki ya Micro Change, kigari cha kuchezea chenye ukubwa wa kigari cha kuchezea.

Hapa pana undugu unaostahili kutajwa. Microman walitoka kwenye Henshin Cyborg wa mwaka 1972, na huyo naye alitokana na G.I. Joe, mdoli wa kijeshi ambao Takara ilikuwa ikiutengeneza kwa leseni ya kampuni ya Kimarekani ya Hasbro. Kwa hiyo watu wa Hasbro walipoziona roboti za Takara katika maonyesho ya Tokyo mwaka 1983, walikuwa wakitazama wajukuu wa bidhaa yao wenyewe. Henry Orenstein, mbunifu mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, ndiye aliyezikutanisha kampuni hizo mbili hadi mkataba ukapatikana.

Hasbro ilichukua kalibu za Diaclone na za Micro Change, ikazitia zote katika jina moja, Transformers. Uamuzi huo ulikuwa wa kibiashara, nao ulizaa matatizo mawili ya kiufundi. Kwanza, madereva hawakuwekwa tena kwenye maboksi, kwa hiyo ilibidi roboti zenyewe ziwe hai. Pili, lori lililopunguzwa mara sitini sasa lilipigana na bastola isiyopunguzwa hata chembe, na katika hadithi wawili hao walitakiwa kuwa mahasimu wanaolingana kimo.

Suluhisho la tatizo la kwanza liliagizwa kutoka kwa kampuni ya vibonzo ya Marvel. Jim Shooter, mhariri mkuu wake, aliandika muhtasari wa vita kati ya makundi mawili ya viumbe wa chuma, Autobot na Decepticon, kutoka sayari ya Cybertron. Denny O'Neil akalipatia lile lori jina la Optimus Prime. Kisha kazi ikaangukia kwa mhariri kijana, Bob Budiansky, ambaye mwishoni mwa mwaka 1983 aliandika kwa siku chache majina na wasifu wa roboti nyingi za mwanzo. Jina la Megatron, lililopewa ile bastola, liliwatisha Hasbro, kwa kuwa liliwakumbusha mabomu ya nyuklia. Budiansky akatetea kwamba adui mkuu anapaswa kutisha, na jina likabaki.

Ubora wa kazi yake unaonekana vizuri kwenye ndege. Takara ilikuwa na kalibu moja ya ndege ya F-15. Hasbro ikaipaka rangi tofauti, ikapata bidhaa tatu kwa gharama ya kalibu moja. Mtu mwingine angeziita namba moja, mbili na tatu. Budiansky alimfanya Starscream msaliti anayeunyemelea uongozi wa Megatron, Thundercracker akawa askari mwenye mashaka na vita anavyopigana, na Skywarp mjanja anayeweza kutoweka hapa na kuibuka kule. Bawaba zilezile, mbawa zilezile, nafsi tatu. Wasifu huo ulichapwa nyuma ya boksi pamoja na vipimo vya nguvu, kasi na akili, ambavyo havikusomeka mpaka mtoto aweke juu yake kipande cha plastiki nyekundu kilichofungwa ndani. Dereva alikuwa amepatiwa mrithi wa karatasi.

Jarida la vibonzo la Marvel lilipangwa kuwa na matoleo manne tu mwaka 1984. Lilifika toleo la 80 mwaka 1991. Uingereza, ambako jarida lilipata kasi ya kutoka kila wiki, hadithi za Marekani hazikutosha kujaza kurasa, kwa hiyo Simon Furman akaanza kuandika zake katikati. Upungufu wa kurasa ndio uliomfungulia nafasi ya kubuni asili ya Cybertron na mungu wake, Primus, mambo ambayo waandishi wa baadaye waliyapokea kama urithi wa familia.

Katuni ya televisheni nayo isingewezekana miaka kumi na tano kabla. Mwaka 1969 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliibana katuni ya Hot Wheels kwa kuwa ilionekana ni tangazo la biashara lililovishwa hadithi. Chini ya mwenyekiti Mark Fowler, katika miaka ya 1980, tume hiyohiyo ililegeza masharti, na Septemba 1984 Transformers ikaanza kurushwa. Watayarishaji walikuwa Sunbow na Marvel Productions. Sehemu kubwa ya uchoraji wa mwendo ilifanywa na Toei ya Japani.

Mchoraji anayechora maelfu ya picha kwa kipindi kimoja hawezi kuchora kila stika na kila skrubu. Floro Dery, mbunifu Mfilipino, alikuwa miongoni mwa waliozisafisha sura hizo: mistari ikapungua, viungo vikapata unene wa mwili, na wale wasio na vichwa, Ironhide na mwenzake Ratchet, wakapewa. Tendo la kugeuka, ambalo mkononi linakula dakika nzima, lilibanwa katika sekunde chache na kufunikwa na mlio ambao hata mtu aliyesahau hadithi yote bado anaukumbuka. Ukisimamisha picha katikati utaona udanganyifu: vipande vinajikunja mahali pasipo nafasi, vingine vinayeyuka. Tela la Optimus Prime ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi kuliko yote. Akisimama kuwa roboti, tela linaviringika pembeni na kutoka kwenye picha. Akirudi kuwa lori, linamfuata kutoka kusikojulikana.

Kuhusu tatizo la pili, lile la vipimo, wachoraji walichagua ujasiri. Megatron anaruka angani akiwa mkubwa kama nyumba, anasinyaa, na kutua mkononi mwa Starscream akiwa bastola. Hakuna aliyeeleza uzito ulikwenda wapi. Hilo lilikubalika kwa sababu watoto walikwisha kuamini kitu kikubwa zaidi, kwamba lori lina moyo, na imani hiyo sehemu kubwa ilijengwa na sauti. Mwigizaji wa sauti Peter Cullen alipokwenda kufanyiwa majaribio alimkumbuka kaka yake, askari wa zamani wa Vietnam, aliyemshauri kwamba mwenye nguvu ya kweli anaweza kuwa mpole. Akamsemea Prime kwa sauti nzito ya chini, isiyo na haja ya kufoka.

Hasbro haikuelewa ilichokuwa imekipata. Filamu ya The Transformers: The Movie ya Agosti 1986, iliyoongozwa na Nelson Shin, iliruka hadi mwaka 2005 na kuwaua wahusika wengi wa 1984, Prime akiwa mmoja wao, ili kupisha bidhaa mpya dukani. Kwa mtu wa ghala walikuwa stoki iliyokwisha. Kwa watoto waliolia ukumbini alikuwa amekufa baba. Filamu ilipata takriban dola milioni 5.8 tu Marekani, malalamiko ya wazazi na watoto yakamiminika, na mwaka 1987 Prime akafufuliwa kwenye televisheni.

Hata hivyo filamu hiyo ni hatua kubwa kiufundi. Wahusika wake wapya, Hot Rod, Galvatron na wenzao, hawakutoka kwenye kalibu za Takara. Walichorwa kwanza, kisha mafundi wa plastiki wakatakiwa kuwafuata. Dereva hakuwahi kuwamo ndani yao. Na palipokuwa na mchoro usiofuatika, plastiki ilishindwa: Unicron, sayari inayokula sayari, ambaye sauti yake ilikuwa mojawapo ya kazi za mwisho za Orson Welles, hakupata mdoli wake madukani mpaka mwaka 2003.

Miaka kumi baadaye ulikuja mfululizo ambao, kwa kipimo cha ufundi wa kusimulia, unazishinda filamu zote zilizoufuata. Beast Wars ilitengenezwa kwa kompyuta na studio ya Mainframe ya Vancouver kuanzia mwaka 1996, huku roboti zikigeuka wanyama: Optimus Primal sokwe, Megatron mpya dinosaria. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na masharti magumu. Kumtengeneza mhusika mpya kuligharimu sana, miji na umati wa watu havikuwezekana. Waandishi wasimamizi, Bob Forward na Larry DiTillio, waliutumia ufukara huo. Wakachukua wahusika wachache, wakawaweka kwenye sayari tupu, wakawapa muda wa kugombana, kusaliti na kujuta. Hawakuijua vizuri hadithi ya zamani. Walijifunza mengi kutoka kwa mashabiki waliowasiliana nao kwenye intaneti, kisha wakafichua kwamba sayari tupu ile ni Dunia ya kale, na meli ya Autobot wa 1984 imelala ndani ya mlima wake. Kifo cha Dinobot, mmoja wa wahusika hao, katika msimu wa pili, kilikuwa na uzito kwa sababu hakikuandikwa ili kupisha mtu dukani.

Mwongozaji Michael Bay alipoichukua Transformers kwa filamu ya Julai 2007, alikataa kabisa ujasiri wa wachoraji wa zamani. Kwake, kiasi cha chuma kilichomo kwenye gari lazima kiwe kilekile kwenye roboti. Sharti hilo moja lilibadilisha mengi. Lori la Prime la 1984 lilikuwa bapa usoni. Ili roboti ifike mita nane na nusu, likaletwa Peterbilt 379 lenye pua ndefu, maana pua ni chuma cha ziada. Megatron hakuweza kuwa bastola, akawa chombo cha kuruka cha kigeni. Mafundi wa Industrial Light & Magic walimjenga Prime kwa vipande 10,108, kila kimoja kikisogea mahali pake. Filamu ikaingiza takriban dola milioni 709 duniani kote.

Sharti la uzito lilitimizwa, na kitu kingine kikapotea. Vipande elfu kumi vinavyozunguka kwa sekunde mbili ni vigumu kufuatilia kwa jicho. Mtazamaji anajua kitu kimegeuka, hajui kimegeukaje. Na mbunifu wa plastiki, ambaye mwaka 1984 alikuwa chanzo, sasa alilazimika kuiga kisichoigika. Roboti za mwaka 2007 ziliwekewa gia za ndani ambazo ukivuta sehemu moja nyingine inajikunjua yenyewe, lakini nyingi zilibaki na milango na mabati yaliyoning'inia mgongoni kwa kukosa pa kwenda. Mwaka 2018 Travis Knight, katika filamu ya Bumblebee, alirudi kwenye maumbo ya zamani: mabamba mapana, nyuso zinazosomeka, na Bumblebee akiwa Volkswagen Beetle badala ya Camaro ya filamu za Bay. Filamu yake iliingiza fedha kidogo kuliko zile za Bay, lakini ndani yake unaweza kuona bega linatoka wapi.

Mwaka 2021 kampuni ya Robosen, kwa leseni ya Hasbro, ilitoa Optimus Prime anayesimama na kujikunja mwenyewe akisikia amri, kwa mota 27 ndogo na sauti ya Cullen, bei dola 699. Ni kazi ya kupigiwa saluti. Lakini mikono ya mtoto haina tena la kufanya humo, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikikaa kwenye kiti cha dereva tangu 1984.

Filamu ya karibuni zaidi, Transformers One ya Josh Cooley ya mwaka 2024, ni katuni nzima ya kompyuta isiyo na binadamu hata mmoja. Inasimulia urafiki wa wachimbaji wawili wa Cybertron kabla hawajawa mahasimu. Mmoja anaitwa Orion Pax, ndiye Optimus Prime wa baadaye. Mwenzake, Megatron wa baadaye, jina lake la mgodini ni D-16, lililotokana na namba aliyopewa Megatron wa plastiki katika orodha ya bidhaa za Takara za miaka ya 1980.