Sauti za Busara: Ngoma Tumeisikia, Maneno Je?

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kitabu. Fani huku, maudhui kule, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, basi, kengele ikilia unakusanya karatasi. Kuhakiki tamasha hakuna aliyetufundisha. Lakini mimi nimekaa Unguja tangu Alhamisi hadi Jumapili kwa ajili ya Sauti za Busara, nimesimama mpaka magoti yakalia, na sioni kwa nini kazi ya sanaa inayochukua siku nne isihakikiwe kama riwaya. Leo najaribu.

Kwanza mandhari. Tamasha hili lilianza mwaka 2004 na hufanyika mwezi wa Februari. Makao yake makuu ni Ngome Kongwe, pale Forodhani, ndani ya kuta zilizojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu ya ukosefu wa fedha, mwaka uliofuata likarudi. Ndani ya kuta hizo ndimo Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa akipanda jukwaani na kuwatoa jasho vijana wa umri wa vitukuu vyake. Anayeingia pale na daftari la kuandikia anaingia mahali penye kisa tayari.

Sasa fani, na hapa nasifu bila kubania. Sharti la tamasha ni moja: muziki uwe laivu. Pleibeki hakuna. Sisi wa Dar tumekwisha zoea msanii anayekuja na sidii mfukoni, anarukaruka, kipaza sauti kiko mbali na mdomo lakini sauti inaendelea kutoka kama kawaida. Ngome Kongwe ukizuga unaumbuka. Nilimwona kijana mmoja wa kufokafoka ambaye redioni ni simba, pale na bendi nyuma yake pumzi zikamwishia katikati ya ubeti. Akasimama, akacheka, akaomba maji, akaanza upya. Watu wakampenda zaidi. Nikajiuliza: ni hadithi ngapi tunazoandika sisi kwa pleibeki, tukichezesha midomo tu huku sauti ni ya mwandishi mwingine tuliyemsoma?

Mpangilio nao ni wa mhariri anayejua kazi. Jioni unapata kidumbak, na lile sanduku lenye uzi mmoja linalonguruma kama besi. Jua likizama wanapanda wapiga magita kutoka Afrika Magharibi, kisha kikundi cha ngoma kutoka bara. Vitu ambavyo usingeviweka pamoja vinakaa meza moja na kusalimiana. Ukichoka unatoka nje, unakunywa juisi ya miwa, unakula urojo, na muziki unakufuata juu ya ukuta bila kuuliza tiketi.

Tufike kwenye maudhui. Hapa ndipo kasheshe ilipo.

Usiku wa pili kilipanda kikundi cha taarab asilia. Fidla, udi, akordioni, na kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani. Walianza na bashraf, ile ya ala tupu, kama mtu anayetandika mkeka kabla ya wageni kukaa. Kisha akaja mwimbaji, mama wa makamo, akaimba taratibu habari za chombo kilichong'oa nanga usiku na nahodha asiyeaga. Kando yangu alikuwepo msichana wa Kijerumani, mpole, amefumba macho anasikiliza. Wimbo ulipofika katikati akaniuliza anaimba nini. Mimi bwana, mwenye Fasihi yangu ya kidato cha nne, mwandishi mtarajiwa, nikajibu kwa kujiamini: anaimba juu ya chombo kilichosafiri.

Nyuma yetu akaangua kicheko bibi mmoja aliyejifunga kanga.

"Chombo? Mwanangu, hapa umeona chombo gani? Huyo mtu kaachwa. Na usiku, yaani kaachwa kwa siri, watu wengine wote wanajua yeye hajui. Mwangalie yule anayekwenda kutunza. Unadhani anatunza sauti? Anamjibu mtu."

Kweli, mwanamke mmoja alikuwa anakwenda jukwaani kwa madaha, noti mkononi, hamtazami mwimbaji, anatazama upande wa pili wa uwanja. Msichana akaniuliza tena, bibi amesema nini? Nikasema nitakueleza baadaye. Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Ndugu zangu, dosari ya tamasha kubwa, hili na mengine ya aina yake duniani, ndiyo hiyo. Umbo lake linapendelea kinachosikika kwa miguu. Kila kikundi kina muda wake, spika ni kubwa, watu wametoka nchi nyingi, na kinachowaunganisha ni ngoma. Taarab haikuumbwa hivyo. Inataka nafasi, inataka usikivu, inataka watu wanaojuana, ili fumbo likirushwa lipate wa kulidaka. Ukiiweka kati ya bendi mbili zenye madramu inabaki nzuri, lakini nzuri kama barua iliyofungwa, unasifu bahasha.

Wapo watakaoniambia muziki ni lugha ya dunia nzima. Sikatai, ngoma ni ya wote. Lakini mashairi yana lugha yake na wenyewe. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alichobeba kilikuwa sauti pamoja na maneno ya Kiswahili yaliyokuwa yakiwachoma watu wa mji huu huu. Na nani alikaa akayaandika maisha yake? Shaaban Robert. Mwandishi mkubwa kuliko wote tunaowataja hapa hakuona haya kumketia chini mwimbaji amsikilize.

Sisi je? Hili ndilo linaloniuma, na silitupi kwa waandaaji. Wao wametupa jukwaa, umeme na siku nne. Kazi ya maneno ni ya watu wa maneno. Mgeni akikosa kuelewa ana udhuru, Kiswahili si chake. Mimi niliyezaliwa nacho udhuru wangu ni upi? Nilijua kila neno la wimbo ule na sikuuelewa wimbo.

Mapendekezo yangu ni mawili. La kwanza: sisi wa gazeti hili tuombe nafasi tuchape karatasi moja tu kwa kila usiku, yenye mashairi ya nyimbo za taarab zitakazoimbwa, kwa idhini ya watunzi, na maelezo mafupi ya mafumbo yake. Mshiko wa karatasi tutachangishana, washikaji, hata tukiwa tumechacha. La pili ni gumu zaidi. Kabla ya Februari nyingine kila mmoja wetu amtafute bibi wa aina ile, wa mtaani kwake, akae naye, aache kuandika kwanza, asikilize.

Jumatatu ndani ya boti nilifungua daftari langu. Kurasa kumi na moja. Majina ya ala, rangi za taa, bei ya mishikaki, hata hali ya bahari. La bibi hakuna hata neno moja, na jina lake sikuuliza. Nimeyaandika hapa kwa kukumbuka tu, na nahisi nimeyapunguza.

Tukutane Ngome Kongwe. Mimi nitakuwa nyuma, upande wanakokaa wenye kanga.